Maji yakiingia nyumbani, nani anakata umeme?

Mvua ikinyesha usiku kucha mlimani, asubuhi habari za Runingu na Uvira zinajulikana hata kabla ya kutangazwa: mto umejaa, barabara ya taifa namba 5 imekatika hapa au pale, nyumba zimeingiliwa na maji, familia zimehamia shuleni au kanisani. Kisha inafuata orodha ya mahitaji. Ni orodha ya haki: mablanketi, sufuria, dawa ya kusafisha maji, mahema. Lakini kuna jambo moja ambalo halimo karibu kila mara. Hakuna anayeuliza kama waya zilizobaki ndani ya nyumba zile bado zina umeme.

Swali hilo si dogo. Maji ya mafuriko yanaonekana, matope yanaonekana, kipindupindu kinatangazwa na zahanati. Umeme uliomo ndani ya maji hauna rangi wala harufu. Mtu anaujua siku anapotia mguu.

Wakaaji wa Kinshasa walilijua hilo tarehe 2 Februari 2022. Katika soko la Matadi-Kibala, upande wa Mont-Ngafula, waya wa umeme mkubwa ulikatika asubuhi na kuangukia soko. Mvua ilikuwa imenyesha, na ardhi pale chini ilikuwa na maji. Watu 26 walikufa, karibu wote akina mama waliokuja kuuza au kununua. Wengi kati yao hawakuugusa waya kwa mkono. Walikuwa wamesimama ndani ya maji, na maji yaliwafikishia kile ambacho mkono haukufikia. Baada ya msiba ilisemwa kwamba soko halikupaswa kuwa chini ya waya hizo. Ni kweli, lakini lilikuwapo pale kwa miaka, kila mtu analiona, mamlaka zote zinapita.

Mwenye kuishi Runingu anaweza kusema kwamba Kinshasa ni mbali, na kwamba huku nyumba nyingi hazina waya za SNEL. Lakini hakuna haja ya waya mkubwa. Inatosha jenereta ya kinyozi, au waya mwembamba uliovutwa kutoka kwa jirani, ukapita chini ya mchanga, ukaungwa katikati kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Wakati wa jua waya huo haumsumbui mtu. Siku maji yakifika kwenye kile kiungo, kiwanja kizima kinakuwa hatari, na wa kwanza kukanyaga pale mara nyingi ni mtoto.

Ili kuelewa kwa nini, inafaa kutazama mahali ambapo watu walilazimika kujifunza mapema: kwenye pisini. Pisini ni mambo ya wenye pesa, ndiyo. Hata hivyo kuna hoteli za kando ya Tanganyika, na ng'ambo kule Bujumbura, ambako vijana wanakwenda kuogelea Jumapili. Pisini ina mambo matatu yanayokutana pia katika nyumba iliyojaa maji: mwili uliolowa, miguu isiyo na viatu, na umeme ulio karibu, kwa sababu kuna pompe ya kuzungusha maji na kuna taa zilizowekwa ndani ya maji yenyewe.

Zamani, katika nchi tajiri, waogaji walikufa kwa taa hizo. Ilidhaniwa kwamba dijonkteri ya kawaida ingewaokoa, nayo haikuwaokoa. Sababu yake kila mwenye nyumba angepaswa kuijua. Dijonkteri ya kawaida imetengenezwa kulinda waya usiungue. Ile ya ampea 10 haisumbuki mpaka umeme upite ampea 10, yaani miliampea 10,000. Mwili wa mtu hauhitaji hata sehemu ndogo ya hizo. Miliampea 10 hadi 16 hivi zinatosha kuubana mkono usiweze tena kuachia. Zikizidi 30 zikipita kifuani, pumzi na moyo viko hatarini. Taa ya kizamani ya wati 40 inakula miliampea 180 hivi. Kwa hiyo umeme unaowasha taa moja hafifu unaweza kumuua mtu, na dijonkteri ikabaki imesimama kana kwamba hakuna lililotokea.

Aliyepima mambo hayo kwa makini alikuwa Charles Dalziel, mwalimu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Alitafuta kujua ni kiasi gani cha umeme kinamfanya mtu ashindwe kuachia waya, na mnamo 1961 akabuni kifaa kinacholinganisha umeme unaoingia na umeme unaorudi. Vikitofautiana kidogo tu, maana yake kiasi fulani kimepotea njiani, labda kupitia mwili wa mtu, na kifaa kinakata haraka kuliko jicho linavyopepesa. Mwaka 1968 kanuni za Marekani zikaanza kudai kifaa hicho kwenye taa zilizo ndani ya maji ya pisini. Kwenye vyumba vya kuogea kilidaiwa baadaye, 1975. Waogaji wa pisini ndio waliowafungulia wengine njia.

Huku kwetu kifaa hicho mafundi wanakiita diferansieli, na kinachomlinda mtu ni kile kilichoandikwa 30 mA. Kipo madukani. Tatizo ni kwamba mara nyingi hakifungwi, na pengine kikifungwa kinaondolewa. Fundi atasema kinakatakata bila sababu, hasa wakati wa mvua. Lakini kukata wakati wa mvua ndiyo kazi yake! Kinaposhuka kila mara, kinamwambia mwenye nyumba kwamba mahali fulani umeme unavuja kwenye ukuta uliolowa au kwenye waya uliochubuka. Kukiondoa ni kama kumfukuza mbwa kwa kuwa amebweka usiku.

Kanuni za pisini zina jambo lingine ambalo ni msaada mkubwa zaidi kwa watu wa kambi na wa vijiji visivyo na SNEL. Taa ya ndani ya maji inatakiwa kutumia volti 12, si 220. Kwa volti 12 ngozi ya mtu na maji yaliyo kati yake na waya haviruhusu umeme mwingi kupita. Hiyo ni sawa na nguvu ya betri ya gari, ileile inayowasha taa za wavuvi usiku. Ni pia nguvu ya paneli ndogo ya jua yenye taa mbili tatu ambayo familia nyingi zimebeba zilipokimbia. Kwa hiyo mama aliye katika hema, akiwa na taa yake ndogo ya jua, yuko salama kuliko mwenye nyumba ya matofali aliyeunga waya kwa jirani. Inafaa asikie hivyo waziwazi, maana mara nyingi anaambiwa kwamba kila alicho nacho ni kibovu.

Usalama huo unaisha pale inapowekwa ile mashine ya kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 220 ili kuwasha televisheni au kuchaji simu za watu. Kuanzia hapo umeme ni uleule unaoua, hata kama umetoka kwenye jua. Vivyo hivyo kwa wenye paneli nyingi zilizoungwa kwa kufuatana: volti zinajumlishana, na paneli haina namna ya kuzimwa, inaendelea kutoa umeme muda wote jua linapoiwakia, hata ikiwa imelala ndani ya maji.

Kuhusu ziwa, kuna imani inayopaswa kusahihishwa. Watu wengi wamesikia kwamba maji ya chumvi ndiyo yanayopitisha umeme, wakadhani kwamba maji baridi ya Tanganyika ni afadhali. Kwa mwogaji ni kinyume. Maji ya bahari yanapitisha umeme vizuri kuliko mwili, kwa hiyo sehemu kubwa inampita pembeni. Katika maji ya ziwa au ya mto, mwili wa mtu ndio njia rahisi, na umeme unauchagua. Misuli inakaza, mtu anashindwa kupiga mikono, anazama kimya. Akitolewa hana alama ya kuungua, na watu wanasema amezama tu, au wanatafuta maelezo mengine ya usiku. Yeyote anayevuta waya wa 220 mpaka kwenye gati, kwenye mtumbwi unaotengenezwa, au kwenye baa yenye meza ufukweni, anachezea jambo hilo.

Tena ziwa lina tabia yake. Mto Mulongwe ulipofurika kati ya tarehe 16 na 17 Aprili 2020, ukabomoa maelfu ya nyumba za Uvira na kuua watu, maji yake yalikuja kwa nguvu na kuondoka, yakiacha mawe na matope. Ziwa haliondoki hivyo. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, kule Kalemie. Likipanda, kama lilivyopanda katika miaka hii na tena mwaka 2024, linashuka polepole sana. Nyumba za kando zinakaa ndani ya maji kwa miezi. Watu wanazoea. Wanaweka mifuko ya mchanga na vipande vya mbao vya kupitia, wanapandisha kitanda juu ya matofali, na maisha yanaendelea. Na kwa kuwa maisha yanaendelea, umeme nao unaendelea. Prizi iliyokuwa juu ya ukuta sasa iko kiganja kimoja juu ya maji. Hakuna aliyekuja kukata, kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba ni kazi yake.

Hapo ndipo lawama inapopaswa kuelekezwa. Mtu akifa kwa umeme mtaani, maneno ya kwanza yanayosikika ni: aligusa mwenyewe, alikuwa ameunga kwa wizi, hakuwa makini. Huenda aliunga kwa wizi kweli. Lakini kufa si adhabu ya kutolipa. Tena waya ulioanguka ndani ya maji hauchagui aliyeunga, unamkuta jirani yake, au mgeni aliyefika juzi kutoka nyanda za juu akikimbia risasi, asiyejua hata kwamba waya ule upo.

Jibu la haraka linalotolewa ni moja: maji yakipanda, SNEL ikate umeme wa mji mzima. Linaonekana jepesi, lakini lina gharama ambayo Uvira inaijua vizuri kuliko miji mingi. Mitambo ya REGIDESO inahitaji umeme ili kusukuma maji kwenye mabomba. Utafiti uliofanywa Uvira na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba siku maji ya bomba yanapokosekana, katika siku zinazofuata wagonjwa wanaodhaniwa kuwa na kipindupindu wanaongezeka sana kwenye kituo cha matibabu. Kwa hiyo kukata mji mzima ili kumwokoa mtu na waya kunaweza kumpeleka jirani yake kuteka ziwani, na kutoka ziwani mpaka kitandani hospitalini. Pia kuna giza. Katika eneo ambalo bunduki zimezagaa, giza la mji mzima si jambo la kuombewa na mtu yeyote.

Kinachohitajika ni kukata kidogo na mapema: kabini kwa kabini, mtaa kwa mtaa. Mtaa wenye maji unakatwa, kabini inayolisha pompe za REGIDESO inabaki. Hilo haliwezi kuamuliwa kutoka ofisini, maana aliye ofisini hajui maji yamefika wapi saa nane za usiku. Shefu wa mtaa anajua, na vijana wanaolinda usiku wanajua. Wanachokosa ni namba moja ya simu inayopokelewa usiku, na jina la mtu mwenye ufunguo wa kabini na ruhusa ya kushusha kabla ya kuuliza wakubwa wake. Hayo hayahitaji mfadhili kutoka nje. Yanahitaji kikao kimoja kati ya SNEL, mashefu na shirika la raia kabla ya mvua za Septemba, kisha namba isomwe redioni kila asubuhi mpaka watoto waijue kwa moyo.

Kuna sharti moja, na bila hilo namba itabaki kimya. Anayepiga kusema waya wake uko ndani ya maji asiulizwe faktira. Familia nyingi hazina mkataba na SNEL. Zimeunga kwa jirani ambaye naye ameunga kwa mwingine. Wakijua kwamba simu ya kuomba msaada italeta faini, hawatapiga, watangoja maji yashuke. SNEL ina haki ya kudai pesa zake, lakini ina miezi mingine ya kuzidai.

Vilevile kurudisha umeme kusiwe kwa siku moja na kwa wote. Ukuta wa matofali ya udongo ulionyonya maji kwa wiki tatu unavuja umeme hata ukionekana mkavu kwa nje. Fundi apite kwanza. Hapa mashirika yanayosaidia waliohamishwa yangeweza kufanya kitu chenye maana. Yanaleta taa na jenereta kwenye shule na makanisa yanayopokea watu, na waya zinatandikwa haraka juu ya nyasi, kati ya mistari ya nguo zilizolowa na mahali pa kuogea. Kila jenereta inayoletwa mahali hapo ije na diferansieli yake ya 30 mA, na iwekwe mahali pa juu, mbali na bomba la maji. Wanaoandika ripoti za vyoo na mita za mraba za mahema waandike na hilo. Na kwa taa za njia ya kwenda chooni usiku, ambazo akina mama wanazihitaji kuliko kitu kingine, volti 12 zinatosha.

Wenye hoteli nao wasijifiche nyuma ya uzuri wa maji ya buluu. Prizi haikai chini ya mita 2 kutoka ukingo wa pisini, na iliyo mbele kidogo iwe nyuma ya diferansieli. Spika ya muziki yenye waya wa 220 haiwekwi ukingoni. Kila diferansieli ina kidude cha kubonyeza kilichoandikwa T. Kibonyezwe mara moja kwa mwezi, na kisipokata, pisini ifungwe mpaka fundi aje. Mteja ana haki ya kuomba kibonyezwe mbele yake kabla watoto wake hawajaingia. Akikataliwa, arudi nyumbani.

Kwa anayesikia habari hizi akiwa na maji mlangoni, haya machache. Anayemwona mtu ameng'ang'ania waya, au anakazana ndani ya maji bila kupiga kelele, asimshike wala asimrukie. Wanaoruka kuokoa ndio wanaokufa wa pili na wa tatu. Umeme ukatwe kwanza. Isipowezekana, na kama ni umeme wa nyumbani, asimame pakavu amsukume kwa mti mkavu. Waya wa nguzoni ukianguka, asiukaribie hata kwa mita 10, kwa kuwa ardhi yenyewe ina umeme. Aliye karibu tayari aondoke kwa hatua ndogo sana, miguu ikigusana, asikimbie. Mtu akishatolewa na hapumui, abonyezwe katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, karibu mara mbili kwa kila sekunde, na apuliziwe pumzi mdomoni kama alikuwa majini, bila kuacha mpaka msaada ufike. Kumfukia kwenye mchanga au kumnywesha maziwa hakurudishi moyo.

Na familia inayorudi kutoka shuleni kuitazama nyumba yake baada ya maji kushuka, kitu cha kwanza isiwe ufagio. Mtu mzima mmoja, mwenye viatu vikavu, atafute dijonkteri na kuishusha, akiwa amesimama pakavu. Kama sanduku la dijonkteri lenyewe lilifunikwa na maji, asiliguse. Waitwe watu wa SNEL au fundi, na watoto wabaki nje ya kiwanja, hata kama jua limewaka na kila kitu kinaonekana kimekauka.